Kabla hujanunua kadi ya grafiki, hesabu tokeni

Kuna swali ambalo vijana wa hapa Pwani wananiuliza sana siku hizi, ila huja kwa sura tofauti. Mmoja atataka kujua kadi gani ya grafiki ni nzuri kwa pesa kidogo. Mwengine atauliza kama ni kweli mtu anaweza kuiwacha kompyuta yake ifanye kazi usiku kucha, na asubuhi ikawa imesaidia utafiti wa dawa. Wa tatu, na huyu ndiye anayenitia wasiwasi, huja akiwa ameshakusanya pesa na anataka tu kuelekezwa duka. Wote watatu wanauliza bei ya kadi. Ni nadra kumpata anayeuliza kadi hiyo itakula stima kiasi gani.

Leo nataka tulieleze jambo hili pole pole, kwa hesabu ambazo kila msomaji anaweza kuzirudia mwenyewe kwa simu yake. Msimamo wangu nautaja mapema: bei ya dukani unailipa mara moja, lakini bei ya stima unailipa kila siku. Kwa kazi ya aina hii, hiyo ya pili ndiyo kubwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sijaona mahali msemo huo unapotimia haraka kama kwenye kompyuta inayofanya kazi saa 24.

Ujima wa kompyuta

Tuanze na kazi yenyewe. Wazee wetu walikuwa na ujima. Shamba likiwa kubwa, majirani walikusanyika, kila mtu akashika upande wake, na kazi ya mwezi ikaisha kwa siku mbili. Wanasayansi nao walifikiria hivyo hivyo. Mwaka 1999, Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley kilianzisha mradi wa SETI@home. Watu wa kawaida duniani kote walipakua programu, na kompyuta zao zilipokuwa zimekaa bure zikawa zinachambua mawimbi ya redio kutoka angani, kutafuta dalili za viumbe wengine wenye akili. Mradi huo uliacha kugawa kazi Machi 2020, lakini kutokana nao ilizaliwa programu ya BOINC, ambayo hadi leo inatumiwa na miradi mingi ya utafiti.

Mwaka 2000, Chuo Kikuu cha Stanford kikaanzisha Folding@home. Huu unachunguza jinsi protini za mwilini zinavyojikunja na kujikunjua, jambo linalosaidia kuelewa maradhi na kutafuta dawa. Corona ilipoingia mwaka 2020, watu walijiunga kwa wingi hata nguvu za kompyuta zote kwa pamoja zikapita hesabu trilioni milioni moja kwa sekunde. Wakati ule hakukuwa na kompyuta kuu hata moja ya serikali yoyote iliyofikia kiwango hicho.

Na matunda yapo. Mradi wa Einstein@Home, ulioanza 2005, unatafuta pulsa, yaani mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi na kutoa mapigo ya redio. Mwaka 2010 ulitangaza pulsa yake ya kwanza ya redio. Waliyoigundua ni kompyuta za nyumbani: moja ya mke na mume wa jimbo la Iowa, Marekani, na nyengine ya mtu wa mji wa Mainz, Ujerumani.

Jambo moja liwe wazi kabla hatujaendelea. Kazi hii ni mchango. Folding@home na miradi ya BOINC hukupa pointi, na pointi hizo hazinunui hata kilo ya unga. Mtu akikwambia nunua kadi, ujiunge na mradi wa utafiti, ule faida, muulize faida hiyo inatoka mfuko gani. Na akikwambia utachimba bitcoin kwa kadi ya grafiki, jua ya kwamba tangu mwaka 2013 hivi bitcoin inachimbwa kwa mashine maalumu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Kadi ya grafiki huko haina nafasi.

Kwa nini kadi, na si kompyuta tu?

Fikiria shughuli ya harusi. Mpishi wa biriani ni mmoja, fundi hodari, anajua kila hatua na haipotezi. Huyo ndiye prosesa ya kompyuta. Lakini kuna magunia ya vitunguu ya kumenya na nazi mia mbili za kukuna. Kazi hiyo haitaki ufundi mkubwa, inataka mikono. Wakija akina mama mia, kila mmoja na mbuzi yake ya kukunia, asubuhi moja imekwisha. Kadi ya grafiki ni hao akina mama. Prosesa ya kawaida ina viini vinne, vinane, au kumi na sita. Kadi ya RTX 4060 ina viini 3,072, vidogo vidogo, vyote vikikuna nazi kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana kadi iliyoundwa kwa ajili ya gemu imekuwa chombo cha utafiti. Kuchora picha ya gemu na kukadiria mwendo wa protini ni kazi mbili zinazofanana: hesabu ndogo nyingi zisizongojana.

Lakini ukiwapa akina mama mia chungu kimoja cha kukoroga, tisini na tisa watakaa wakipiga soga. Kuna kazi zisizogawika hivyo, na miradi yake hutumia prosesa tu. Na hapa kuna jambo la kutupendeza sisi. Mradi wa malariacontrol.net, wa taasisi ya Uswisi iliyoko Basel, ulikadiria kwa kompyuta za wanaojitolea jinsi malaria inavyoenea na jinsi chandarua au chanjo zingeweza kuipunguza. Mradi wa mvua za Afrika, ulioanzishwa mwaka 2019 na Chuo Kikuu cha Delft cha Uholanzi kupitia World Community Grid, ulipiga hesabu za mawingu na mvua za kusini mwa Sahara. Yote miwili ilitumia prosesa ya kawaida. Miradi iliyotugusa zaidi haikumtaka mtu anunue kadi hata moja.

Wati, yuniti na shilingi

Sasa tuingie kwenye daftari. Kila kadi ina kiwango cha wati kinachotajwa na aliyeitengeneza. Wati 1,000 zikitumika kwa saa moja, hiyo ni yuniti moja, ile ile unayoinunua kwa tokeni.

Bei ya yuniti inategemea nyumba yako. Viwango hupangwa na EPRA, na wateja wa nyumbani wamewekwa kwa madaraja: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaofika hadi 100, na waliopita 100, ambao bei yao ndiyo ya juu. Juu ya hapo huongezwa gharama ya mafuta, kodi na ada nyengine zinazobadilika kila mwezi. Kwa hivyo usichukue bei ya kusikia. Tafuta ujumbe wako wa tokeni wa mwisho, gawa pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata, na hiyo ndiyo bei yako. Kwa mifano ya leo nitatumia shilingi 30 kwa yuniti, kwa sababu ni nambari rahisi kuhesabia. Wewe weka yako.

Kadi ya wati 115 ikifanya kazi mchana na usiku kwa siku 30 itakula yuniti 83 hivi. Hizo ni shilingi 2,484. Kadi ya wati 250 itakula yuniti 180, shilingi 5,400. Kwa mwaka mzima, ya kwanza ni kama shilingi 30,000, ya pili ni zaidi ya 65,000.

Hiyo ni kadi peke yake. Bado kuna prosesa, feni, diski na ubao wenyewe. Tena pawa saplai haigawi stima yote inayoivuta ukutani, kwani asilimia 10 hadi 20 hupotea njiani kama joto, na zile za bei ya chini kabisa hupoteza zaidi. Ukiongeza wati 60 za mashine nzima, hukukosea sana.

Kazi kwa kila wati

Mtu akishaona hesabu hiyo, husema basi nitanunua kadi ndogo. Hapo ndipo panapotaka uangalifu. Kadi inayokula kidogo si lazima iwe inayobana matumizi. Kinachotakiwa kuangaliwa ni kazi unayoipata kwa kila wati moja.

Nimechukua kadi tano zinazopatikana madukani, mpya na za mitumba, nikagawa kasi inayotajwa na watengenezaji kwa wati zake. Matokeo, kwa hesabu za kila sekunde kwa wati moja, ni haya:

RX 580 ya mwaka 2017, wati 185: bilioni 33.
GTX 1080 Ti ya mwaka 2017, wati 250: bilioni 45.
RTX 3060 ya mwaka 2021, wati 170: bilioni 75.
RTX 4060 ya mwaka 2023, wati 115: bilioni 131.
RTX 4090 ya mwaka 2022, wati 450: bilioni 183.

Angalia ya kwanza na ya nne. Kwa stima ile ile, RTX 4060 inafanya karibu mara nne ya kazi ya RX 580. Sababu ni chipu zenyewe: kadiri miaka inavyokwenda, sehemu zake hufanywa ndogo zaidi, na kila hesabu hutumia umeme kidogo zaidi. Halafu angalia ya mwisho. RTX 4090 ndiyo inayokula zaidi kuliko zote, lakini ndiyo yenye kazi nyingi zaidi kwa kila wati. Kula sana si israfu ikiwa kazi inalingana. Ila kadi hiyo ilitoka kwa bei ya dola 1,599 za Marekani, na ikiwa juu mchana na usiku itamaliza yuniti 324 kwa mwezi. Si mzigo wa kila nyumba.

Kadi sita za mitumba

Kwa nini hesabu hizi zinaniuma? Kwa sababu kikundi cha vijana wa mtaa mmoja wa kisiwani kimenishirikisha mpango wao. Wana chama, wana akiba, na wana nia njema: wanataka chumba cha kompyuta ambacho mchana watoto watajifunza, na usiku mashine zitachangia utafiti. Wamepata muuzaji wa kadi sita za RX 580, zilizotumika, kwa bei wanayoiona ni ya bure.

Kadi kama hizo zimejaa sokoni kwa sababu inayojulikana. Sarafu ya Ethereum ilikuwa inachimbwa kwa kadi za grafiki duniani kote. Tarehe 15 Septemba 2022, mtandao wa Ethereum ulibadilisha mfumo wake, uchimbaji ukakoma siku hiyo hiyo, na matumizi yake ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99. Kadi zilizokuwa zikifanya kazi bila kupumzika zikabaki hazina ajira, nyingi zikauzwa kama mitumba.

Tuseme kila moja ni shilingi 12,000. Sita ni 72,000. Na tuseme RTX 4060 mpya ni shilingi 50,000. Kwa hesabu ya kasi, RX 580 mbili ni kama trilioni 12 kwa sekunde, na RTX 4060 moja ni trilioni 15. Kwa hivyo mpya tatu, kwa shilingi 150,000, zinafanya kazi ya zile sita na kuzidi. Ukiishia dukani, mitumba imeshinda kwa shilingi 78,000.

Sasa washa stima. Kadi sita ni wati 1,110. Kwa mwezi, mchana na usiku, ni yuniti 799, shilingi 23,976. Kadi tatu mpya ni wati 345, yuniti 248, shilingi 7,452. Tofauti ni shilingi 16,524 kila mwezi. Zile 78,000 ulizookoa dukani zimerudi kwa mita kabla ya mwezi wa tano kwisha. Mwaka ukitimia, mitumba itakuwa imekula stima ya zaidi ya shilingi 200,000 kuliko zile mpya, na bado hujabadilisha feni iliyokufa.

Niliwaambia hivi: kama akiba ni 72,000, nunueni kadi moja ya kisasa, zinazobaki ziwe za pawa saplai nzuri na tokeni. Kazi itakuwa chini ya nusu ya ile ya kadi sita, lakini stima itakuwa karibu moja ya kumi. Kidogo kinachodumu ni bora kuliko kingi kitakachozimwa mwezi wa pili kwa kukosa tokeni.

Saa ndizo zinazoamua

Nisieleweke vibaya. Sisemi mitumba ni haramu. Hesabu ile inageuka kabisa kama saa za kazi ni chache. Chumba hicho hicho kikiwasha kadi zake saa nne tu kwa siku, tofauti ya stima inashuka hadi shilingi 2,754 kwa mwezi, na itachukua zaidi ya miaka miwili kwa kadi mpya kurudisha bei yake. Kijana anayecheza gemu jioni, na anayetaka kuchangia utafiti saa moja au mbili tu, kadi ya mitumba inaweza kumfaa.

Kwa hivyo swali la kwanza si "kadi gani?" Ni "saa ngapi kwa siku?" Ukishalijibu hilo kwa ukweli, hesabu yenyewe itakuchagulia kadi.

Joto letu si la Ulaya

Mawaidha mengi ya kadi za grafiki tunayosoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Kila wati inayoingia kwenye kompyuta hatimaye hutoka kama joto. Mtu wa Canada au Ujerumani, mwezi wa Januari, hilo kwake ni faida: kadi inafanya utafiti na chumba kinapata moto. Ufaransa kuna kampuni iitwayo Qarnot ambayo imetengeneza vipasha joto vya nyumba vilivyo na kompyuta ndani yake. Kule joto ni bidhaa.

Hapa kwetu joto ni gharama ya pili. Zile wati 1,110 za kadi sita ni sawa na pasi ya nguo iliyowashwa chumbani, mchana na usiku, haizimwi. Ifikirie pasi hiyo mwezi wa Machi, kaskazi imelegea, hakuna upepo, jasho linatiririka ukiwa umekaa kivulini. Ukiweka kiyoyozi, kitahitaji takriban wati moja kuondoa wati tatu za joto, maana yake umeongeza theluthi nzima juu ya bili. Usipoweka, kadi itafika nyuzi 80 na kitu, nayo hujilinda kwa kujipunguzia kasi. Unalipa stima, kazi hupati.

Tena kuna chumvi. Sote tunajua mabati, bawaba za milango na friji zinavyoliwa karibu na bahari. Hewa ile ile inapita kwenye feni za kadi saa 24, ikibeba chumvi na vumbi. Kadi ya mitumba iliyotoka bara ikakaa Pwani bila kusafishwa haitadumu sana. Weka mashine mbali na dirisha linaloelekea pwani, ifungue uisafishe kila baada ya miezi michache, na kama unaweza kuchagua msimu, fanya kazi nyingi wakati wa kusi na saa za usiku. BOINC inakuruhusu kupanga saa za kazi, na haina haja ya mtu kukaa macho.

Punguza kasi kidogo, uokoe kingi

Hili ndilo ambalo wengi hawalijui, na halina gharama yoyote.

Muulize nahodha yeyote wa mashua ya mashine. Ukienda mwendo wa kiasi, petroli inafika na inabaki. Ukifungulia mashine mpaka mwisho, utafika mapema kidogo tu, lakini tangi litakuwa limekauka. Ule mwendo wa mwisho ndio unaokunywa. Kadi ya grafiki ni vivyo hivyo. Umeme wa chipu hupanda kwa kasi yake, na hupanda kwa volti zikizidishwa kwa zenyewe. Ukishusha kasi kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10, unazidisha 0.9 mara tatu, unapata 0.73. Umepoteza kazi moja ya kumi, na umeokoa karibu robo ya umeme wa chipu.

Watengenezaji huziuza kadi zikiwa zimefunguliwa karibu na mwisho, kwa sababu mchezaji gemu anataka kasi. Wewe unayechangia utafiti usiku kucha huna haraka hiyo. Kwenye kadi za Nvidia unaweza kuweka kikomo cha wati kwa programu ya nvidia-smi inayokuja na draiva zake, na za AMD zina sehemu ya kurekebisha kwenye programu yake. Anza kwa kushusha kikomo kwa asilimia 20, tazama kazi inapungua kiasi gani, kisha amua. Joto litapungua, feni zitatulia kelele, na kadi itaishi zaidi.

Usiamini pointi peke yake

Onyo kwa wanaopenda kulinganisha pointi. Folding@home hutoa ziada kwa anayerudisha kazi mapema, kwa sababu kila kipande kinangojewa na kinachofuata. Kwa hivyo kadi yenye kasi mara mbili huweza kupata zaidi ya mara mbili ya pointi. Ni haki, lakini isikufanye uone kadi ya zamani ni takataka zaidi ya ilivyo.

Na upande wa pili, zile trilioni zilizoandikwa kwenye boksi ni za hali bora kabisa. Protini ikiwa ndogo, kadi kubwa kama RTX 4090 haipati kazi ya kuijaza, na viini vyake vingi hukaa bure. Jedwali langu la juu litumie kama dira, kisha upime mwenyewe. Kuna vipima wati vya kuchomeka ukutani. Ukikosa, zima kila kitu nyumbani, soma yuniti zilizobaki kwenye mita, washa kompyuta peke yake kwa saa tano, usome tena. Mita haina upendeleo.

Mita moja, vyumba sita

Nimewacha jambo zito zaidi mwisho. Wengi wetu tunaishi katika nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na mita moja. Tokeni huchangwa, kila chumba sawa sawa. Mpango huu unafanya kazi kwa sababu matumizi yetu yanafanana: taa, feni, televisheni, kuchaji simu.

Sasa kijana wa chumba kimoja aweke kompyuta ya wati 175, yaani kadi ya 115 na mashine yake ya 60, isizimwe. Hiyo ni yuniti 126 kwa mwezi, shilingi 3,780. Ikigawanywa vyumba sita, kila chumba kinatoa 630. Majirani watano wanalipa shilingi 3,150 kila mwezi kwa kitu wasichokijua na hawakukiridhia. Na yuniti hizo 126 peke yake zinaipandisha nyumba nzima kwenye daraja la juu la bei, hata yule bibi mwenye taa moja.

Mchango wa utafiti ni jambo jema. Lakini sadaka hutolewa kwa mali yako, haitolewi kwa mali ya jirani bila ya idhini yake. Kama mita ni ya pamoja, sema, pima, na ulipe zako mbali. Kama una sola, fanya kazi mchana jua likiwa kali na betri zimejaa, uzime jioni.

Na kama huna uwezo wa yote hayo, bado mlango uko wazi. BOINC ina programu ya simu za Android, ambayo hufanya kazi simu ikiwa kwenye chaji. Laptopu uliyonayo pia ina prosesa. Jiunge kwa hiyo, fanya mwezi mmoja, uone kama moyo bado unapenda. Ukishaona unapenda, andika nambari tatu kwenye karatasi: saa zako kwa siku, wati za mashine nzima, na bei ya yuniti yako. Zidisha saa kwa wati, gawa kwa elfu moja, zidisha kwa bei, halafu kwa 30. Jibu utakalopata ni kodi utakayoilipa kila mwezi. Ikiwa unaweza kuilipa bila kumnyima mtoto wala kumlipisha jirani, basi nenda dukani.